Kirimari si Njia ya Kupita

Uchaguzi wa 2027 unavyokaribia, mjini Embu huwezi kumaliza kikombe cha chai kabla mtu hajakueleza kwa nini wadi ya Kirimari haiendelei. Kila meza ina bingwa wake. Nimezisikia hoja zao hadi nazijua kwa mpangilio: zinaanza na watu wa kuja, zinapitia madiwani wa zamani waliokuwa madiwani kweli kweli, zinateremka kwa MCA, yaani mwakilishi wadi, asiyejenga kitu, zinaishia kwa wabunge wa kaunti walioteuliwa ambao inasemekana wanakula bure. Ukipanda matatu hadi Meru utazikuta hoja zile zile zikikungoja, ila huko wadi inaitwa Municipality.

Baadhi zina ukweli, na nikiufikia nitaukubali. Lakini nyingi zimesimama juu ya kosa moja la kale, la kudhani kwamba mtu wa mjini kwao ni kwingine.

“Kirimari haina wenyewe,” husema mzee wa pembeni karibu na mlango. “Ni wadi ya watu wa kuja.”

Kwa hesabu hiyo, mzee wangu, hata mji ulikuja. Waingereza waliipiga Embu mwaka 1906 wakaweka kituo chao hapa. Meru kituo kilisimama mwaka 1908 chini ya Edward Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi. Pembeni ya vituo hivyo viwili yakaota makazi ya waliofuatana na utawala au waliofanya biashara nao: askari, wapagazi, wachuuzi, wapishi, mafundi wa cherehani. Hiyo ndiyo asili ya Majengo, jina utakalolikuta Embu, Meru na karibu kila mji wa Kenya uliokula chumvi ya kutosha. Zimo familia Majengo ambazo zimezika vizazi vitatu au vinne papo hapo. Watoto wao wanaongea Kiembu au Kimeru sokoni na Kiswahili nyumbani, na ukiwauliza shamba lao liko wapi wanakutazama kama umewauliza bahari iko wapi.

Sasa tazama walivyowakilishwa. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mabaraza ya wenyeji katikati ya miaka ya 1920, Embu ilipata lake na Meru lake. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, DC, na wajumbe walitoka katika lokesheni za rizavu, ardhi iliyotengewa wenyeji. Mji haukuwa lokesheni. Ulikuwa ardhi ya serikali, na mwenye neno la mwisho juu yake alikuwa yule yule DC. Mkaazi wa Majengo alilipa kodi ya nyumba kama mwenzake wa kijijini, lakini mwenzake alikuwa na mjumbe wa kumsemea barazani. Yeye alikuwa na ruhusa ya kukaa, na ruhusa hurudishwa mwenyewe akiitaka.

Hali ya Hatari ya Oktoba 1952 ilikaza fundo. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru waliwekwa kapu moja, na kwa watatu hao kuishi mjini kukawa ushahidi wa nusu ya kosa. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil kule Nairobi, maelfu yao walizolewa mitaani, wakachujwa. Wengine walipelekwa vizuizini, wengine wakarudishwa rizavu, hata yule ambaye rizavu aliijua kwa kusimuliwa tu. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, viti vilikuwa 8 nchi nzima. Haki ya kura ilipimwa kwa elimu, mapato na umri, na aliyejaza masharti mengi angeweza kupewa hadi kura 3 peke yake. Kwa Mkikuyu, Mwembu na Mmeru kulikuwa na sharti la ziada: cheti cha uaminifu kwa serikali. Embu na Meru wakati huo zilikuwa katika Mkoa wa Kati, na kwa kuwa wenye vyeti walikuwa wengi upande wa Meru kuliko upande wa Kikuyu, kiti kikaenda kwa mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate. Aliyeanguka ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza hilo mwaka 1944. Katika vitabu kisa hicho husimuliwa kama ushindi wa Meru. Mimi hukisoma kama somo la jinsi mpiga kura anavyotengenezwa ofisini kabla hajafika kituoni.

Kwa hiyo mzee anapomwambia kijana wa Majengo kwamba hapa si kwao, anamsomea sheria iliyokwisha kufutwa, tena sheria ambayo iliwahi kumbana yeye mwenyewe.

Meru imeliandika kosa hilo hadi kwenye ramani. Katika eneobunge la Imenti Kaskazini wadi ni 5: Ntima Mashariki, Ntima Magharibi, Nyaki Mashariki, Nyaki Magharibi, na Municipality. Nne zina majina ya ardhi na watu wake. Ya tano, iliyo katikati ya mji, imepewa jina la ofisi. Na mji wenyewe umekwisha kumwagika hadi Ntima na Nyaki, wala hauna habari na mpaka huo.

Nusu ya hoja ya mzee naikubali, tena kwa aibu. Wengi wetu tunaoishi mjini tulijiandikisha kupiga kura ushago. Mimi kura yangu ya kwanza niliipiga kwa mama, kilomita nyingi kutoka chumba nilichokuwa nikilipia kodi, na jioni nikarudi mjini kulalamika kwamba taa ya mtaani haiwaki. Sheria hailazimishi mtu kujiandikisha kijijini. Ni sisi tunaopeleka kura yetu shamba kama tunavyopeleka sukari na mkate.

Hoja ya pili husemwa na waliozidi miaka hamsini, nayo ina ladha ya redio ya zamani: “Enzi za madiwani mji ulikuwa na meno.”

Nitakubali kwanza, halafu nikatae. Embu ilikuwa na baraza la manispaa na Meru lake, na kila baraza lilikuwa na meya mwenye mkufu shingoni. Takataka zikizidi, ulijua mlango wa kubisha. Mwishoni mwa enzi hizo kulikuwa na mpango wa LASDAP, ulioanza 2001, ambapo wakaazi waliitwa kwenye mkutano wa wadi kuchagua miradi, na wako wanaoukumbuka kwa wema. Na lile neno kanjo, lililotokana na jina la Kiingereza la baraza, limewazika waliolizaa. Mabaraza yote 175 ya Kenya yalikufa mwaka 2013, lakini mtoza ushuru akitokea leo kwenye kona ya soko, utasikia “Kanjo!” na vikapu vya nyanya vikinyanyuliwa juu juu kama vifaranga vimeona mwewe.

Lakini meno? Meya hakuchaguliwa na wakaazi, alichaguliwa na madiwani wenzake, na kila aliyeishi enzi zile anakumbuka madiwani walivyopakiwa kwenye magari na kufichwa hotelini mbali na mji hadi siku ya kura. Waziri wa Serikali za Mitaa aliweza kulivunja baraza na kuweka watu wake. Nairobi yenyewe, mji mkuu, ilifanyiwa hivyo mwaka 1983. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1969 ilikuwa imeshayapokonya mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara na kuzirudisha serikali kuu, ikiziacha manispaa chache kubwa ambazo Embu na Meru hazikuwamo. Baraza likabaki na soko, buchari, leseni na makaburi. Mwaka 1988 hata kura ya siri iliondolewa katika mchujo wa chama cha KANU: ulipanga mlolongo nyuma ya mtu au picha yake, na aliyehesabiwa zaidi ya asilimia 70 alikuwa amepita bila kungoja siku ya uchaguzi. Fedha za uhakika kutoka Nairobi zilikuja baada ya sheria ya LATF ya 1998, iliyotenga asilimia 5 ya kodi ya mapato igawanywe kwa mabaraza yote nchini. Hayo ndiyo meno tunayoyalilia.

Ninachokiona katika kumbukumbu hizo ni kwamba diwani alikuwa karibu. Alikaa mtaani, alidaiwa dukani, watoto wake walisoma na wako. Ukaribu huo ulikuwa mzuri. Nguvu ni kitu kingine.

Na hapo tunaingia kwenye hoja inayopigiwa meza kwa nguvu kuliko zote: “MCA hajatujengea kitu.”

Mwaka jana nilikuwa mazishini, wadi gani sitasema. Mwakilishi wadi alipopewa kipaza sauti, kabla hajamaliza kusalimia, mama mmoja aliyevaa leso ya kanisa alisimama akasema, “Mheshimiwa, pole kwa msiba, lakini mtaro wa kwetu umefungwa tangu mvua za Aprili, maji yanaingia jikoni.” Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akaahidi mtaro. Kisha akaahidi taa ya mulika mwizi. Kisha, kwa kuwa makofi hayakuisha, akaahidi kilomita mbili za murram. Nilimtazama nikamwonea huruma, kwa sababu katika yote aliyoahidi hakuna hata moja ambalo sheria inamruhusu kulifanya kwa mkono wake.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka awe karibu na wapiga kura, awasikilize, na apeleke maoni yao kwenye bunge la kaunti. Kifungu hicho hicho kinamkataza asishiriki, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utendaji za kaunti, wala asitoe huduma kana kwamba yeye ni mwajiriwa. Katiba nayo, kwenye ibara ya 179, inasema mawaziri wa kaunti hawawezi kutoka miongoni mwa wabunge wa kaunti. Mwenye kazi ya kufuatilia mtaro ule ni msimamizi wa wadi, ambaye ni mtumishi wa kaunti, ana ofisi na mshahara, na ambaye hakuna mtu aliyemtaja pale makaburini.

Kwa hiyo MCA hana kazi? Anayo, tena nzito kuliko kumwaga changarawe. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa kufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha unakuja kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yanaingia kabla ya tarehe 30 Aprili, na sheria ya matumizi inapitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka, kwa kipindi cha kati, fedha za maendeleo zisipungue asilimia 30 ya bajeti. Mtaro wa yule mama unazaliwa au unakufa katika tarehe hizo nne. Ukiwa hauna mstari wake kwenye makadirio ya Aprili, hata mheshimiwa akilala ndani ya mtaro hautazibuka kwa fedha za kaunti.

Swali la kumuuliza mazishini lingekuwa hili: kamati ya bajeti ilipokaa Mei, ulisema nini kuhusu mtaro wetu, na imeandikwa ukurasa gani? Mazungumzo ya bunge huandikwa kwenye hansadi, na katiba, ibara ya 196, inataka vikao viwe wazi kwa umma. Mtu yeyote pia ana haki ya kupeleka ombi la maandishi bungeni. Najua si rahisi. Mwenye kuuza mboga hawezi kufunga meza siku nzima akasikilize kamati. Lakini tukiendelea kumpima mwakilishi kwa changarawe tutaendelea kuchagua wenye malori.

Yupo kila mara mwerevu mmoja anayejibu kwamba hayo yote ni ya kale, kwa kuwa “mji sasa una bodi, wadi ya nini?” Ni kweli Embu na Meru zimepewa tena hadhi ya manispaa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, na zina bodi. Fedha za mradi wa kustawisha miji ulioungwa mkono na Benki ya Dunia zilipitia humo. Ila mwulize mwerevu huyo aliwapigia kura lini wajumbe wa bodi. Wanateuliwa na gavana, bunge la kaunti linawaidhinisha, na bodi inausimamia mji kwa niaba ya serikali ya kaunti. Meya hayupo. Kwa maneno mengine, katika mji mzima wa Embu, mtu pekee anayeingia kwenye meza ya maamuzi ya kaunti kwa kura za wakaazi wa katikati ya mji, na wao tu, ni mwakilishi wa Kirimari. Bodi imeifanya wadi iwe na maana zaidi: majina ya wajumbe wa bodi hupitia kwa huyo mnayesema hana kazi, naye ana nafasi ya kuuliza, kabla ya kuinua mkono, kama kati yao yupo aliyewahi kulipa kodi ya chumba katika mtaa wa Majengo au wa Dallas.

Kuhusu walioteuliwa sitakawia. Bunge la Meru lililotokana na uchaguzi wa 2022 lilikuwa na watu 69: 45 wa wadi na 24 wa kuteuliwa. Idadi hiyo inawakera watu, na mimi pia orodha za vyama zimewahi kunikera. Lakini katiba, ibara ya 177, inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, na viti vya kuteuliwa huongezwa kufidia upungufu huo, pamoja na viti vya walemavu, vijana na makundi yaliyotengwa. Wapiga kura wa wadi ndio wanaoandika ukubwa wa bili: wangechagua wanawake wengi zaidi wenyewe, walioteuliwa wangepungua. Kwa nchi ambayo Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na baraza la DC yote yalikuwa meza za wanaume, hilo si jambo la kushangaza, ila ni jambo la kuhesabu kabla ya kupiga kelele. Na anayesema dawa ni kuwalazimisha wote wawe na digrii, Mahakama Kuu ilikwisha kulitupa sharti hilo kwa wabunge wa kaunti mwaka 2021.

Sasa nije kwenye hoja ambayo, Embu na Meru, mtu hapaswi kuitamka bila kucheka: “Hawa MCA hawana nguvu yoyote.”

Gavana wa kwanza kung'olewa na bunge la kaunti katika historia ya Kenya alikuwa wa hapa hapa. Januari 2014 wawakilishi wadi wa Embu walimpigia Martin Wambora kura ya kumwondoa, mambo ya ukarabati wa uwanja wa michezo na ununuzi wa mbegu za mahindi yakiwa miongoni mwa mashtaka. Seneti ikaafiki Februari. Mahakama ikamrudisha Aprili. Wakamwondoa mara ya pili mwaka ule ule, Seneti ikaafiki tena, kesi zikafuatana, na mwisho wa yote Wambora alibaki ofisini, akamaliza muhula na kuchaguliwa tena 2017. Meru wakachukua kijiti. Kawira Mwangaza, aliyeshinda 2022 akiwa mgombea huru, hakuwa amemaliza miezi sita kabla bunge halijamwondoa Desemba mwaka huo, Seneti ikamwokoa. Wakarudia Oktoba 2023. Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024 wakapiga kura ya tatu, 49 wakiunga mkono na 17 wakipinga, na safari hii Seneti ikaafiki. Mahakama Kuu ilikubaliana na uamuzi huo Machi 2025, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Theluthi mbili ya 69 ni 46. Yaani Agosti ile, wawakilishi wanne tu wangebadili mawazo, gavana angebaki. Hivyo mwakilishi wa wadi ya Municipality alikuwa na uzito ambao meya yeyote wa Meru wa zamani angeuonea wivu. Wazee wa Njuri Ncheke walijaribu mapema kumpatanisha gavana na wabunge wakashindwa, na hilo peke yake linakwambia uzito wa kauli ulikuwa umehamia wapi.

Lakini hapa sitaki kushangilia pamoja na wanaosema bunge lilifanya kazi yake, basi tumewakilishwa. Nguvu ya kumng'oa gavana ni ya bunge. Uwakilishi ni wa wadi. Katika miaka ile miwili na nusu ya mvutano Meru, nilikuwa nikipita mjini mara kwa mara, na sikukutana na mtu aliyeitwa kwenye mkutano wa wadi akaulizwa: tumwondoe au tumwache? Wengi walijua mheshimiwa wao amepiga kura gani kwa kuitazama televisheni, kama wageni. Labda iko wadi iliyofanya mkutano huo. Kama iko, ningependa kuizuru.

Nimebakisha hoja moja, nayo inatoka nje ya mji. Rafiki yangu kutoka Siakago huniambia kila tukikutana: “Ninyi watu wa mjini mlipendelewa wadi. Sisi Mbeere tumeminywa.”

Hii ndiyo hoja pekee iliyonituma kwenye karatasi na kalamu. Wadi 1,450 za Kenya zilichorwa kwa mujibu wa sensa ya 2009 na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali Machi 2012. Embu, yenye watu 516,212, ilipata wadi 20, wastani wa watu 25,811 kila moja. Eneobunge la Manyatta, lenye Kirimari ndani yake, lilikuwa na watu 154,632 na likapata wadi 6: wastani 25,772. Runyenjes, watu 142,360, wadi 6 pia: wastani 23,727. Mbeere Kusini, watu 130,185, wadi 5: wastani 26,037. Na Mbeere Kaskazini, kwake rafiki yangu, watu 89,035, wadi 3 tu za Nthawa, Muminji na Evurore: wastani 29,678.

Basi rafiki yangu ana haki ya kununa, ila amenunia asiyehusika. Eneo la mji lilipata karibu sawasawa na wastani wa kaunti. Walioteremshiwa mzigo mwepesi ni Runyenjes, na tofauti kati yao na Mbeere Kaskazini ni karibu watu 6,000 kwa kila wadi. Hakuna sheria iliyovunjwa: katiba, ibara ya 89, inaruhusu wadi kuzidi au kupungua kwa asilimia 30, au 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache. Lakini kukaa ndani ya sheria hakumzuii mtu wa Siakago kuhesabu vichwa.

Tangu hapo hesabu zimesogea. Sensa ya 2019 iliikuta Embu na watu 608,599, sasa wastani wa 30,430 kwa wadi zile zile 20, na Meru na watu 1,545,714 kwa wadi zile zile 45. Mipaka ya maeneobunge zilimo wadi hizo ilipaswa kupitiwa upya ndani ya miaka 12, yaani kabla ya Machi 2024. Siku hiyo ilipita tume ya uchaguzi, IEBC, ikiwa haina kamishna hata mmoja. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025.

Kuna kitu kingine ambacho mgawanyo wote huo haukioni, na nilikijua kwa kukaa kwenye benchi la mama ninayemnunulia sukuma karibu na steji, mchana mmoja wa mvua. Nilikuwa nimetoka kubishana na rafiki yangu, tarakimu bado zinanizunguka kichwani, nikamwambia mama kwamba wadi huchorwa kwa sensa, na sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku mmoja tu. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Likizo. Vyumba vya wanafunzi vilikuwa na kufuli, wachuuzi wa soko walikuwa wamerudi kwao na gari la mwisho, wenye maduka walikuwa wamelala kwenye nyumba za shambani.

Alikuwa akikata sukuma kwa mkono bila kutazama kisu. Ameuza kwenye kona ile, kwa maneno yake, tangu meya akiwa na mkufu. Analipa ushuru wa kila siku, anatumia choo cha soko, anakanyaga matope ya mtaro ule ule.

“Tarehe 24 Agosti,” alirudia, akanyamaza akitafuta. “Aah, hiyo nakumbuka. Kulikuwa na matanga ya shemeji yangu. Nililala Kiritiri.”

Kiritiri iko wadi ya Mavuria, Mbeere Kusini.

“Basi mama,” nikamwambia, “wewe ulihesabiwa Mavuria.”

Akakunja sukuma yangu kwenye gazeti, akaongeza majani mawili juu. “Na ushuru wa kesho,” akauliza, “nikalipie huko?”